Konfitire haigandi, keki imezama: kutafuta kosa kati ya kikombe na mizani

Jumapili moja asubuhi mdogo wangu wa jirani, hapa Bukavu, aliingia jikoni kwangu na kikapu chenye chupa sita. Akachukua moja, akaiinamisha juu ya sahani. Konfitire (jamu) ya fraizi (stroberi) ikateremka kama sharubati, vipande vyekundu vikielea ndani yake. "Yaya, nimefuata kila kitu walichoandika," akaniambia, na sauti yake ilikuwa karibu na kilio. Fraizi alizinunua kwa mama anayezileta kutoka upande wa Kabare, zikiwa nzuri, ngumu kidogo, zenye harufu. Makala (makaa) yalimwishia kwenye mbabula (jiko la makaa) mara mbili. Sukari hakuifanyia ubahili.

Nilimwuliza jambo moja tu: fraizi ulizipima kwa nini? Akanionyesha simu. Maelezo aliyoyafuata yalitaka vikombe 4 vya fraizi nzima na vikombe 3 vya sukari. Kwa kuwa alikuwa na mizani ndogo, akatafuta kikombe kimoja ni gramu ngapi, akapata 240, akazidisha kwa nne, akapima gramu 960 za fraizi. Sukari akaiacha kwenye kikombe kama ilivyoandikwa.

Gramu 240 ni uzito wa kikombe cha maji. Kikombe cha fraizi nzima kina gramu 144 hivi. Sehemu iliyobaki ni hewa iliyokaa katikati ya tunda na tunda. Kwa hiyo maelezo yake yalikuwa yanaomba gramu 576 za fraizi, na yeye akatia 960 juu ya gramu 600 za sukari. Chakula kilichotakiwa kuwa karibu nusu kwa nusu kikawa na tunda kupita kiasi na maji yake yote. Kisingeweza kushika.

Nimeandika haya kwa ajili yake na kwa kila anayepika matunda yetu huku akisoma maelezo ya watu wa mbali. Kosa la namna hii linaumiza kwa sababu aliyelifanya huwa amefanya kazi yote kwa uaminifu. Tutaanzia kwenye kile unachokiona ndani ya sufuria, kisha turudi nyuma mpaka kwenye chanzo.

Kwanza: jua kikombe chako kina nini

Usianze kutafuta ugonjwa mwingine kabla ya kumaliza hili, maana nusu ya malalamiko ninayoletewa huishia hapa.

Neno "kikombe" halina kipimo kimoja duniani. Kikombe cha maelezo ya Marekani ni mililita 237, na wengi huandika 240 ili iwe rahisi. Cha Australia ni mililita 250. Cha Japani ni 200. Vitabu vya zamani vya Uingereza vina kikombe cha mililita 284. Sisi tunaosoma Kifaransa tuna mtego wetu wa pekee: maelezo ya Ufaransa na Ubelgiji kwa kawaida hutumia gramu, lakini maelezo ya Québec, yaliyo kwa Kifaransa kilekile, hupima kwa kikombe cha mililita 250. Ukisoma haraka utadhani yote yametoka jiko moja. Kisha kuna keki ya mtindi, ile ambayo kopo la mtindi ndilo kipimo cha unga na sukari. Kopo hilo la Ufaransa ni la gramu 125, yaani karibu nusu ya kikombe cha Québec. Ukitumia kopo kubwa ulilonunua hapa mjini kwa unga na sukari, halafu ukaacha mayai yaleyale mawili au matatu, umeshabadilisha keki.

Kikombe chako cha chai cha nyumbani je? Chukua chupa ya maji ya kunywa ya mililita 500 iliyofungwa. Jaza kikombe mpaka mahali unapokijazaga unapopika. Chupa ikijaza vikombe viwili kamili, una mililita 250. Ikibaki maji kidogo chini, kikombe ni kidogo zaidi. Kama una mizani, weka kikombe kitupu juu yake, irudishe kwenye sifuri, tia maji, usome: gramu za maji ndizo mililita za kikombe. Vikombe vyangu vitatu vya bati, ambavyo kwa macho ni sawa, vilinipa 260, 285 na 310. Nilikwaruza namba kwenye kitako cha kila kimoja kwa msumari.

Kopo la Guigoz, lile la maziwa ya watoto, tunalopimia maharage na unga sokoni lipime hivyohivyo. Ni kipimo kizuri mradi ujue lako linabeba maji kiasi gani, na ujue kwamba sokoni haliishii ukingoni: unajaziwa kilima, kisha unaomba matabisi (nyongeza ya bure) juu yake.

Jambo moja la kutuliza moyo. Ukipima kila kitu kwa kikombe kimoja kilekile, tunda, sukari na unga, hata kama kikombe ni kikubwa kuliko cha mwandishi, uwiano unabaki. Utapata keki kubwa zaidi, na mayai yatapungua kidogo nguvu. Balaa huingia pale unapopima kitu kimoja kwa kikombe na kingine kwa gramu, ndiyo hali ya mdogo wangu.

Dalili: konfitire ni maji, haigandi hata baada ya siku mbili

Chanzo cha kwanza nimekieleza: kikombe cha tunda zima kimegeuzwa kuwa gramu kana kwamba ni maji. Chunguza kwa kugawa. Chukua gramu za tunda ulizotia, gawa kwa idadi ya vikombe vilivyoandikwa. Jibu likiwa 240 au 250 na tunda lilikuwa zima au la vipande, umelipata kosa.

Chanzo cha pili ni kinyume chake, upande wa sukari. Kikombe cha Marekani cha sukari ya chembechembe ni gramu 200, si 240. Maelezo ya gramu yakisema "gramu 800 za sukari" na wewe huna mizani, vikombe vinavyotakiwa ni 4. Anayegawa kwa 250 atatia vikombe 3 na kidogo, na sukari itapungua gramu 160. Konfitire huanza kushika vizuri inapofikia karibu asilimia 65 ya sukari, ya tunda na ya kuongezwa pamoja. Pungufu ya hapo inabaki legelege, na pia haidumu, ukungu unaipenda.

Chanzo cha tatu hakihusu vipimo: tunda lililoiva kupita kiasi lina pektini (kile kinachoigandisha konfitire) kidogo, na fraizi kwa asili haina nyingi. Ndimu moja iliyokamuliwa husaidia. Lakini usikimbilie ndimu kabla ya kuhesabu gramu.

Dawa ya chupa ambazo tayari ni maji: zimwage zote kwenye sufuria pana, pima uzito wake, hesabu sukari iliyopungua, ongeza, chemsha tena kwa moto mkali. Za mdogo wangu tulizirudisha hivyo. Fraizi gramu 960, sukari gramu 600. Ili afikie gramu 800 za sukari kwa kila kilo ya tunda, alihitaji gramu 768, kwa hiyo tukaongeza 168. Rangi ilikuwa imekoza kidogo kwa kupikwa mara mbili, na harufu ya fraizi ilipungua. Hilo halirudishiki.

Dalili: konfitire ngumu kama gundi, au ina chembe za sukari

Hapa tunda lilikuwa kidogo kuliko lilivyoombwa. Maelezo yalisema vikombe 4 vya fraizi zilizopondwa, na wewe ukajaza vikombe 4 vya fraizi nzima, kisha ukaziponda. Kikombe cha fraizi iliyopondwa kabisa kina gramu 232, kwa sababu hewa imetoka. Vikombe vinne ni gramu 928. Wewe umetia 576. Sukari ikabaki ileile, ikakosa maji ya kuyeyukia vizuri, na ikipoa inarudi kuwa chembe.

Angalia maneno kwa makini, hata mahali pa mkato. "Vikombe 4 vya fraizi zilizopondwa" maana yake ponda kwanza, pima baadaye. "Vikombe 4 vya fraizi, zipondwe" maana yake pima nzima, ponda baadaye. Kwa Kifaransa tofauti hiyo hukaa kwenye mkato mmoja tu kati ya jina la tunda na kitenzi, na ukiuruka unakosa gramu 350. Kwenye gramu mtego huu haupo, kwa sababu fraizi ya gramu 500 ukiiponda inabaki gramu 500. Ndiyo sababu mimi nimehamia kwenye mizani kwa kila kitu ninachouza.

Chanzo kingine cha ugumu ni chetu sisi wa kando ya Ziwa Kivu, na waandishi wa mbali hawakifikirii. Maelezo husema upike mpaka kipimajoto kionyeshe digrii 104 au 105. Namba hiyo ni ya watu wa pwani, ambako maji huchemka kwa digrii 100. Ziwa letu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na nyumba nyingi za Bukavu ziko juu zaidi. Hapa maji huchemka karibu na digrii 95. Konfitire hushika inapokuwa digrii 4 hadi 4.5 juu ya mchemko wa maji, kwa hiyo kwetu ni 99 hadi 100. Anayesubiri 104 anasubiri mpaka maji mengi yaondoke, na anapata peremende. Chemsha maji matupu jikoni kwako, soma kipimajoto, ongeza 4. Mtu wa Goma atapata karibu sawa na mimi. Wa Lubumbashi, ambako ni mita 1,200 na kitu, atapata digrii moja hivi zaidi.

Huna kipimajoto? Wengi hatuna. Hapa mizani inafanya kazi ambayo watu wachache wameijaribu. Pima sufuria tupu, andika. Tia kilo 1 ya fraizi na gramu 800 za sukari: jumla ni gramu 1,800. Fraizi yenyewe ina sukari yake na vitu vingine vilivyoyeyuka, pamoja karibu gramu 80 kwa kilo, kwa hiyo vyote vilivyoyeyuka ni gramu 880 hivi. Ili hizo 880 ziwe asilimia 65, konfitire iliyoiva lazima iwe na uzito wa karibu gramu 1,350. Basi unachemsha mpaka gramu 450 za maji ziwe zimepanda kwa mvuke. Epua sufuria, iweke juu ya mizani ukiwa umetandika ubao mkavu chini yake (na uzito wa ubao na wa sufuria uwe umeutoa), soma. Ikizidi 1,350, rudisha motoni dakika chache. Urefu wa mlima hauna neno hapa. Kisha thibitisha kwa kisahani kilichopoa: tone moja, subiri, sukuma kwa kidole, likikunja ngozi juu, limekubali.

Na kama mahesabu ya chupa yanakusumbua: konfitire ni nzito kuliko maji. Kikombe cha mililita 240 hubeba gramu 320 hivi. Gramu 1,350 zitajaza chupa nne za mililita 250, pamoja na kijiko cha kuonja. Anayedhani chupa ya mililita 250 ina gramu 250 atashangaa kwa nini chupa zake hazijai, na akizijaza, mteja anayelipa kwa uzito atapewa zaidi ya alicholipia.

Dalili: keki ya ndizi imezama katikati, ndani ni uji

Ndizi ndiyo tunda linalodanganya zaidi katika jiji letu, kwa sababu maelezo mengi hayapimi chochote: yanasema "ndizi tatu". Mwandishi ana ndizi ndefu ya dukani, ambayo ikimenywa ina gramu 118 hivi. Tatu ni gramu 350. Mimi nikienda soko la Kadutu nakutana na ndizi za kamaramasenge, fupi, tamu sana, na zile ninazomenya huwa kati ya gramu 45 na 60. Tatu zake hazizidi gramu 180. Keki itakuwa kavu, haina ladha. Halafu mtu mwingine anaogopa ukavu, anatia kamaramasenge kumi, na keki inazama. Sahau idadi. Pima ndizi iliyomenywa.

Kwa kikombe: ndizi iliyokatwa duara ni gramu 150, iliyopondwa ni 225. Maelezo yaliyoomba vikombe 2 vya vipande yalitaka gramu 300. Ukiponda kwanza na kujaza vikombe 2, umetia 450. Hizo 150 za ziada ni karibu ndizi tatu ndogo za unyevu ambao unga haukuandaliwa kuubeba. Katikati ya keki hapaivi, ukingo unaungua, na ukiitoa motoni inashuka kama godoro lililotoboka.

Kagua pia unga. Kikombe cha unga wa ngano uliochotwa kwa kijiko na kusawazishwa ni gramu 120 hadi 125. Ukiuzamisha kikombe ndani ya mfuko na kuukandamiza unaweza kuvuka 150. Mara nyingi kosa la ndizi na kosa la unga huja pamoja na kufichana. Keki inatoka nzuri kwa bahati, na wiki inayofuata, ukibadilisha kikombe, bahati inaisha. Mtu aje aniambie "siku ile ilitoka vizuri, leo imekataa", ninaanza na unga.

Dalili: umenunua kilo nzima, na juisi haijai hata jagi

Maelezo yanaposema "kilo 1 ya marakuja" (pasheni), uliza: kabla au baada ya kupasua? Karibu nusu ya marakuja ni ganda. Tunda moja dogo la zambarau hutoa gramu 18 hivi za uteute pamoja na mbegu. Ili kujaza kikombe cha mililita 240 cha uteute, ambacho kina gramu 236, unahitaji matunda 13. Ukichuja mbegu, ongeza mengine. Mafungu ya sokoni huwa na idadi inayohesabika kwa macho, kwa hiyo 13 ni namba ya kuikariri kabla hujatoka nyumbani.

Nanasi nalo hupoteza karibu nusu: taji, ganda, na moyo mgumu. Nanasi la Idjwi la kilo 2 hubaki kilo 1 kwenye bakuli, na kwa vipande vya gramu 165 kwa kikombe unapata vikombe 6. Embe linalopanda kutoka bonde la Ruzizi hupoteza kama asilimia 30 kwa ganda na kokwa, ingawa embe dogo lenye nyuzi hupoteza zaidi. Kilo moja itakupa vikombe 4 vya vipande, maana embe na nanasi vina uzito mmoja wa kikombe, 165. Papai la vipande ni 145. Avoka ya vipande ni 150, iliyopondwa 230. Na kwa kuwa avoka zetu za kienyeji hutofautiana mno ukubwa wa kokwa, usiamini hesabu ya mtu yeyote ya "avoka mbili".

Kwa wanaosoma Kifaransa, tazama herufi mbili za mwisho. "20 cl" ni sentilita 20, yaani mililita 200, karibu kikombe. Nimeona mtu akitia mililita 20, vijiko vya chakula visivyotimia viwili, na kulaumu ndimu kwamba haina maji. Desilita 1 ni mililita 100. Kijiko cha chakula ni 15, cha chai ni 5. Australia peke yake kijiko cha chakula ni 20.

Dalili: aunsi 8 hazilingani na kikombe

Huu ni ugonjwa wa maelezo ya Kiingereza. Wana aunsi mbili zenye jina moja. Aunsi ya uzito ni gramu 28. Aunsi ya ujazo, ya vimiminika, ni karibu mililita 30 kwa Marekani. Kikombe chao kina aunsi 8 za ujazo, na hapo watu huruka na kusema aunsi 8 za fraizi ni kikombe kimoja. Aunsi 8 za fraizi ni uzito: gramu 227, na zitajaza kikombe kimoja na nusu cha fraizi nzima. Kanuni yangu: tunda gumu likiandikwa kwa aunsi, shika mizani, juisi ikiandikwa kwa aunsi, shika kikombe. Ratili yao ni gramu 454.

Dalili: mizani yenyewe inasema uongo

Ijaribu kwa ileile chupa ya maji. Maji ya mililita 500 yakimiminwa kwenye chombo kilichorudishwa sifuri lazima yasome 500, au karibu sana. Ikisoma 470, angalia kwanza imekaa wapi: juu ya kitambaa, juu ya meza inayocheza, au sufuria kubwa inagusa ukuta. Kisha betri. Mizani ya springi ya kuning'iniza haifai kwa gramu 150 za ndizi. Ni ya kupimia kilo.

Na asiye na mizani kabisa? Nina njia ninayoipenda sana, kwa sababu inahitaji jagi lenye mistari tu. Kitu kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake. Tia maji hadi mstari wa 500. Weka fraizi zilizooshwa, bila kuzikandamiza, zielee zenyewe. Maji yakipanda hadi 700, fraizi hizo zina gramu 200. Hata kama zingine zimepanda juu ya wenzake na kukaa nje ya maji, hesabu ni ileile, mradi rundo halijagusa kitako cha jagi. Zitoe upesi zisinywe maji. Ndizi yenye ganda huelea pia. Tunda likizama, kama embe lililoiva mara nyingi hufanya, uzito wake ni zaidi kidogo ya maji yaliyopanda, na kwa jiko la nyumbani tofauti hiyo ni ndogo.

Dalili: tunda lako halimo kwenye orodha yoyote

Mapruni, yale ya Japoni kama tunavyoyaita (wengine huyaita magogwe), mekundu, yenye uchachu, yanayofaa sana kwa konfitire, hutayapata kwenye orodha nyingi za vikombe. Hapo tengeneza namba yako. Chukua kikombe unachokijua, jaza tunda katika hali utakayolipikia, zima, vipande au lililopondwa, bila kushindilia. Pima. Mwaga, jaza tena, pima. Mara tatu, kisha chukua ya katikati. Kwangu nyama ya mapruni iliyochotwa kwa kijiko, mbegu zikiwemo, hukaa karibu na gramu 225 kwa kikombe cha 240, na nusu-nusu zilizokatwa na kisu hushuka hadi 160 hivi. Unaona mpangilio: karibu kila tunda lililopondwa hukaa kati ya 225 na 240, kwa sababu tunda kwa sehemu kubwa ni maji, la vipande huzunguka 145 hadi 165, zima dogo huwa 145 au chini yake. Ukipata namba iliyo mbali sana na hizo, pima tena kabla ya kuwasha moto.

Kadi ya mdogo wangu sasa imebandikwa ndani ya mlango wa kabati lake, kwa mwandiko wake: fraizi nzima 144, iliyokatwa 166, iliyopondwa 232, ndizi 150 na 225, nanasi na embe 165, marakuja 236, sukari 200, unga 120. Chini ameandika "kikombe cha bluu = 260", na uzito wa sufuria yake tupu.